Mjumbe Hafagii Ndege Ikiwa Hewani

Mjumbe wetu wa mtaa pale Nsemulwa alikuwa na maudhi mawili makubwa hapa duniani. La kwanza ni uwanja mchafu. La pili ni uwanja uliofagiwa kabla ya wakati. Kati ya maudhi hayo mawili niliishi mimi karibu miaka kumi, katika chumba cha uani nyumbani kwake, na sikumbuki hata siku moja niliyofaulu kumridhisha kwa yote mawili.

Nilifika Mpanda kutoka Tabora kuja kuuza vipuri vya pikipiki sokoni. Mtu wa vipuri hata akioga mara ngapi, grisi inabaki kwenye kucha. Siku nilipokwenda kuulizia chumba, mjumbe, mama mtu mzima, hakunitazama usoni. Alianza na viatu, akapanda hadi kwenye mikono, akaishia hapo, akasema, "Mchafu wewe." Nikajua nimekataliwa, nikageuka niondoke. Akaniita kwa ukali, "Sasa unaenda wapi? Chumba chako si hiki hapa?"

Tangu hapo hiyo ndiyo ikawa salamu yetu. Mimi ninasema, "Shikamoo, Mjumbe," naye anajibu, "Marahaba, mchafu wewe," na siku inaanza. Mara moja nilipaka losheni nikavaa shati jeupe kwenda harusini Misunkumilo, nikapita mbele yake taratibu makusudi anione. Akaniangalia mpaka nikafika getini, ndipo akasema, "Kola."

Kazi ya mjumbe wengi wanaijua. Ni kuandika utambulisho kwa anayehitaji, kusuluhisha ugomvi wa kuku na wa mipaka, na kujua nani kahamia na nani kahama. Wetu alijiongezea kazi ya usafi, ambayo sina hakika kama aliwahi kukabidhiwa na yeyote. Kila asubuhi alijifunga kanga yake, akachukua fimbo asiyoihitaji kwa kutembelea, akazunguka nyumba zake zote. Hakubisha hodi mlangoni. Alibisha kwa kunyanyua takataka kwa ncha ya fimbo na kuuliza kwa sauti, "Hili ni la nani?" Watu wazima walitoka ndani mbio, wengine bado na mswaki mdomoni, kukana mfuko wa nailoni.

"Uchafu hauna itikadi," alipenda kusema, akimaanisha kwamba hata ndugu zake hatawaonea haya. Na kweli hakuwaonea. Shemeji yake wa Kakese alipokuja kumsalimia na gunia la mpunga, alipewa kwanza ufagio afagie makapi yaliyomwagika, kisha ndipo akapewa maji ya kunywa.

Sasa mtu huyohuyo, mwenye fimbo hiyohiyo, akisikia kuna mtu wake amesafiri, hafagii. Hafagii ndani, hafagii uwanja, wala haruhusu mpangaji yeyote aguse ufagio mpaka habari ije kwamba msafiri amefika salama. Ukifagia, alisema, unafuta nyayo za mtu angali njiani, na mtu asiye na nyayo nyumbani kwake njia inaweza kumkataa. Bibi yake alimfundisha hivyo, na bibi yake hakuwa mtu wa kubishana naye.

"Kuna mtu yuko njiani," ndivyo alivyosema, na hapo mjadala ulikuwa umefungwa.

Kwa hiyo ukipita pale ukakuta majani ya mpera yamelala uwanja mzima, maganda ya karanga sebuleni na kuku wanatembea juu ya mkeka, hukuhitaji kuuliza. Watu wa mtaa walipita wakiona hali hiyo, wakasalimia kwa heshima, "Nani kasafiri, Mjumbe?" Na yeye, aliyetoka kumkemea mtu asubuhi ileile kwa ganda moja la ndizi, alijibu bila kupepesa macho kwamba mwanawe amekwenda Sumbawanga.

Baada ya miaka kadhaa niligundua kwamba alipima umbali kwa vumbi. Sumbawanga ilikuwa makombo ya chai tu, maana mtu akiondoka alfajiri, mchana amepiga simu. Tabora kwa treni ilikuwa vumbi la kuandikia jina juu ya meza. Dar es Salaam kwa basi ilikuwa kuku kutaga chini ya kochi. Ukimwuliza Mwanza ni mbali kiasi gani, alifikiri kidogo akikumbuka hali ya sebule, akakwambia, "Ni mbali. Siafu waliingia."

Wakati mmoja jirani yetu mfugaji, mtu wa asili ya Shinyanga, alihamisha ng'ombe zake kuelekea kusini kutafuta malisho. Alipoaga, Mjumbe akaweka ufagio juu ya kabati. Huko alikokwenda hakukuwa na mtandao. Ng'ombe hawana ratiba, na sisi tukakaa na majani wiki nzima, wiki ya pili ikaanza. Akaja Bwana Afya wa kata, kijana mpole mwenye begi la mgongoni. Akatazama, akakohoa, akaandika barua ya onyo kwa mwenye nyumba. Kwa utaratibu wa siku zile, barua za onyo zilipelekwa kwa wenye nyumba kupitia kwa mjumbe. Basi Mjumbe akaipokea barua, akajikabidhi, akajisomea kwa sauti pale barazani, akasaini kwamba imefika. Kisha akajiambia, "Nimekuelewa," na majani yakaendelea kulala mpaka mfugaji alipopiga simu.

Paroko alijaribu kumkanya. Alimwambia taratibu, baada ya misa, kwamba huo ni ushirikina na Mkristo humkabidhi msafiri kwa Mungu. Mjumbe akamsikiliza mpaka mwisho, akamwuliza, "Baba, ulipokwenda Roma ulifika salama?" Paroko akasema alifika. "Zamu ya kufagia kanisa wiki ile ilikuwa yangu," akasema Mjumbe. Paroko hakulirudia tena suala hilo, na wanaomfahamu wanasema hata yeye siku hizi akisafiri huuliza zamu ni ya nani.

Aliyembishia kila siku bila kuchoka ni Mzee wa Reli. Huyu alikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta, mstaafu aliyefanya kazi kwenye treni kati ya Mpanda na Tabora mpaka nywele zikaisha. Alikuwa na imani moja tu, nayo ni ratiba. Kwake yeye safari haikuwa na nyayo wala bibi. Ilikuwa na saa ya kuondoka na saa ya kufika, unatoa moja kwenye nyingine, basi. Kila jioni alikuja na kiti chake mwenyewe, kwa sababu aliyetaka kukalia kiti cha Mjumbe alikaguliwa nguo kwanza, wakabishana hadi chakula kikaiva.

"Nyie watu wa ratiba," Mjumbe alimwambia, "treni yenu ilishawahi kufika saa mliyoandika?"

"Kuchelewa ni suala lingine, Mama. Ratiba ilikuwa sahihi. Treni ndo ilikosea."

Mjumbe alikuwa mjane kabla sijahamia, na alikuwa na mtoto mmoja tu, binti. Huyu binti aliolewa na mfanyabiashara aliyetoka Kongo, aliyekuwa akivuka ziwa kuja kununua mchele wetu kupitia Karema. Mkwe alikuwa mtu mzuri, anacheka sana, na alipoingia ndani alivua viatu bila kuambiwa, kwa hiyo mahari ilizungumzwa kwa upole. Tabu ilikuja baadaye, biashara ilipomhamishia Kinshasa na kumtaka mkewe amfuate.

Mjumbe hakushtuka mwanzoni. Alikuwa amefika Karema enzi za ujana wake, akaona kwa macho yake milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa, asubuhi isiyo na ukungu. "Kongo ni pale," alitwambia, akinyoosha fimbo kuelekea magharibi kama anayeonyesha duka la jirani. "Kinshasa iko Kongo. Basi Kinshasa ni pale." Hesabu hiyo ilimfaa sana mpaka mkwe alipoeleza kwenye simu kwamba kutoka pale pa ng'ambo hadi Kinshasa kuna msitu, mito na barabara zisizoisha, na kwamba mtu mwenye akili zake anapanda ndege Dar es Salaam.

Hapo ndipo Mjumbe alipokataa kabisa kuelewa. Mtu anataka kwenda magharibi, kwa nini aende kwanza mashariki hadi baharini? Mzee wa Reli akachukua kijiti, akachora chini. Mpanda hapa, Dar kule kulia, Kinshasa kule mbali kushoto. Akavuta mstari ulionyooka kutoka Dar hadi Kinshasa, zaidi ya kilomita elfu mbili na nusu, na ule mstari ukapita karibu kabisa na kile kishimo alichokuwa amekichimba kuwa Mpanda. Sote tukainama kutazama.

"Yaani," akasema Mjumbe, "nampeleka mwanangu Dar, halafu anarudi kupita juu ya bati langu?"

"Pembeni kidogo. Lakini ndo hivyo."

"Si wamshushe hapa aniage tena."

Siku ya safari ilipokaribia, binti, aliyekuwa ameshatangulia Dar, alituma picha ya tiketi kwenye simu yangu, maana simu ya mama yake ilikuwa ya tochi. Tukakaa barazani kama kamati. Tiketi ilisema ndege inaondoka Dar saa nne kamili asubuhi, inatua Kinshasa saa tano na nusu. Mzee wa Reli akaisoma mara mbili, akavua miwani, akatoa hesabu kwa fahari ya mtu aliyekuwa akiingojea kazi hiyo tangu astaafu. "Saa moja na nusu."

Mjumbe akaduwaa. Saa moja na nusu ni kwenda Kakese na kurudi wakati wa mvua, kama tope si jingi. Kwa kipimo chake hata makombo ya chai yasingekauka. Kwa mara ya kwanza nilimwona akifurahi kuhusu Kinshasa. "Kumbe ni pale kweli," akasema. "Niliwaambia."

Mimi nilihisi kuna kitu hakijakaa sawa, lakini nani angebishana na ratiba iliyoandikwa?

Asubuhi hiyo hakufagia. Alikaa kwenye kigoda mlangoni, ufagio umeegemezwa ukutani mbele yake, mimi nikiwa nimechelewa kufungua duka kwa sababu simu yenye picha ya tiketi nilikuwa nayo mimi. Tulipokaribia saa tano na nusu, mlio wa mbali ukasikika juu, na mstari mweupe ukajichora angani upande wa kaskazini. "Hiyo itakuwa ya watalii wa mbugani," akasema Mjumbe bila hata kunyanyua uso. Mzee wa Reli, aliyekuwa amekaa getini kwake, akasema watalii hawapandi juu vile, hiyo ni ya Ulaya. Ilipotimu saa tano na nusu kamili, Mjumbe akasimama, akasema, "Ameshatua," akafagia. Alifagia kwa raha, akiimba wimbo wa kwaya. Alifagia sebule, baraza, uwanja, hadi nje ya geti, akakusanya kila kitu kwenye ndoo akaenda kukimwaga jalalani. Mstari ule mweupe ulikuwa bado haujafutika angani.

Kisha tukangoja simu. Saa sita ikafika, hakuna. Akasema labda anangoja mizigo. Saa saba ikafika. Nilipojaribu kupiga mimi, yule dada wa kwenye simu alitwambia namba haipatikani. Mjumbe akarudi kwenye kigoda. Akaanza kutazama uwanja ule safi, usio na hata jani. Nilimhurumia sana. Mzee wa Reli akaja na tiketi yake ya kichwani, akarudia hesabu, ikatoka ileile, naye akaanza kufuta jasho.

"Nimemfagia," akasema Mjumbe. "Nimemfagia mwanangu akiwa njiani."

Akainuka ghafla. Akaniita kwa jina langu, jambo ambalo lilinitisha kuliko yote, akaniambia nichukue karai. Tukaenda jalalani. Hapo ndipo mimi na Mzee wa Reli, watu wazima wawili wenye akili, tulipoinama mchana kweupe kutafuta uchafu wetu katikati ya uchafu wa mtaa mzima.

"Hilo jivu si letu, hilo la mama ntilie," alituelekeza. "Chukua hayo majani ya mpera. Na hayo maganda. Sio hayo! Hayo yana chumvi, karanga zangu hazina chumvi."

Tukayabeba, tukayarudisha. Tulimwaga kila kitu mahali pake, yeye akisimamia kwa fimbo. Maganda kwenye kona ya kabati. Vumbi chini ya kochi, si sana, akasema, lilikuwa kidogo zaidi. Majani uwanjani, mengi upande wa mpera. Watu waliopita njiani walisimama wakaona mjumbe wao, mkali wa mifuko ya nailoni, akimwaga taka sebuleni kwake kwa uangalifu wa mtu anayepanda mbegu. Hakuna aliyecheka. Mama mmoja aliweka ndoo yake chini, akaingia, akasaidia.

Simu iliita saa nane na robo. Niliweka sauti ya nje.

"Mama, shikamoo. Ndo nimetua."

"Muongo we!" akapiga kelele Mjumbe, machozi yakimtoka. "Ulikuwa wapi masaa yote haya? Ulitua saa tano na nusu!"

"Ee Mama, saa tano na nusu ya huku. Huku sa hivi ni saa sita na robo."

"Hapa ni saa nane na robo!"

"Saa za huku ziko nyuma masaa mawili, Mama. Ndege imekaa hewani karibu masaa matatu na nusu. Tena nilichungulia dirishani, nikaona msitu, halafu ziwa. Nikasema hapo nyuma lazima ilikuwa nyumbani. Nikakupungia mkono."

Mjumbe akatazama juu, mahali ule mstari mweupe ulipokuwa. Akakaa chini palepale kwenye majani. Mzee wa Reli alichukia siku nyingi. Alisema saa ya Kigoma na saa ya Dar ni moja, hivyo ndivyo nchi zenye heshima zinavyofanya, na hajui ni taifa gani hilo linaloweza kukaa nyuma masaa mawili bila kuwatangazia majirani.

Siku ile tulifagia mara ya pili.

Mwaka uliofuata binti akajifungua. Ikaja picha ya mtoto mwenye mashavu, nikaambiwa niikuze mpaka simu ikashindwa. Na kila simu iliyopigwa kutoka huko ilikuwa na neno moja: Mama, njoo. Mkwe alikuwa tayari kununua tiketi. Mjumbe akawa na visingizio kuliko mwanafunzi mtoro. Mara sikio lake halitastahimili ndege, mara mtaa utabaki na nani, mara mpunga haujavunwa, mara hajui Kilingala atamkemea vipi mjukuu. Mtoto akaota meno, akaanza kutambaa, akasimama. Bibi yake alimjua kwa sauti ya kulia tu.

Nilimchokoza mara nyingi kwamba anaogopa ndege. Alinitukana kidogo, tukacheka. Lakini jioni moja, akichambua mchele kwenye ungo, aliniambia mwenyewe bila mimi kuuliza.

Zamani, kabla sijaja, alisafiri kwenda Tabora kutibiwa. Alikuwa na mpangaji katika chumba changu hikihiki, mtu msafi sana, wa kupiga pasi hata soksi. Treni ilikwama njiani siku nzima. Aliporudi baadaye, majirani walimsifia yule mpangaji: kumbe asubuhi aliyoondoka, kabla hata hajafika stesheni, kijana alikuwa ameshafagia nyumba nzima na kumwaga maji. Alifanya kwa wema. Mjumbe alimshukuru, akampa kuku. Ila tangu siku hiyo hakusafiri tena mbali kuliko Kakese.

"Nyumba yenye mtu anayekungoja haifagiwi ukiwa hata kona hujaikata," akasema. "Mimi nimewaachia wote nyayo zao. Mwanangu, paroko, mpaka mwenye ng'ombe. Nikipanda hiyo ndege mimi, nani ataniachia? Masaa yote hayo hewani, sina nyayo hata moja hapa chini."

Nilimwambia tu kwamba mimi ni mchafu, anajua.

Akapuliza makapi. "Ndo maana nilikupa chumba," akasema.

Alikubali kwenda mtoto alipokaribia miaka miwili, baada ya kumsikia kwenye simu akimwita bibi wa upande wa pili kwa jina lililopaswa kuwa lake. Wivu ulifanya kazi iliyotushinda sote. Nilimsindikiza uwanja wa ndege wa hapa Mpanda kwa bajaji. Alikuwa amevaa kitenge kipya, na kwenye mzigo wake kulikuwa na mchele wa Kakese, dagaa wa ziwani, na ufagio wa chelewa, maana hakuwa na hakika na mafagio ya huko. Angelala Dar siku mbili kwa ndugu wa marehemu mumewe, kisha Jumamosi asubuhi apande ndege ya Kinshasa.

Nilitegemea aniombe. Hakuniomba. Alinikabidhi funguo, akaniambia kwa sauti ya kazi, "Uwanja ufagiwe kila siku. Jumamosi ni siku ya usafi, Bwana Afya atapita. Usije ukaniaibisha." Alisema hayo akiangalia viatu vyangu. Aliendelea kuviangalia kitambo, kisha akageuka akaenda kwenye ndege, akipanda ngazi moja moja, bila fimbo.

Nilirudi nyumbani nikaweka ufagio juu ya kabati.

Mzee wa Reli alikuja jioni na kiti chake, akanikuta nimekaa. Akatazama majani yaliyoanza kudondoka. Nilingoja anicheke. Akaweka kiti chake getini, akaketi akiangalia njia, na kesho yake alfajiri nilimkuta palepale. Dada mshona nguo aliyepanga chumba cha pili, mtu safi, alitoka na fagio lake kama kawaida. Mzee akamwambia, "Binti, rudisha hicho kitu ndani." Akarudisha.

Jumamosi uwanja ulikuwa wa kutisha. Upepo wa kiangazi ulikuwa umeleta hata majani ya miti isiyo yetu, na kuku walishajua sebuleni hakuna mwenyewe. Mtaa mzima ulikuwa unang'aa, watu wamefyeka, wamezoa, moshi wa taka unapanda kila upande. Bwana Afya akafika getini na begi lake, akasimama.

"Hapa si kwa Mjumbe?"

"Ndo hapa," akajibu Mzee wa Reli.

"Mbona hivi? Leo? Mjumbe mwenyewe?"

"Kuna mtu yuko njiani."

Bwana Afya akakumbuka lile suala la ng'ombe, maana nilimwona akikunja uso. Akatoa kalamu. "Safari hii nani tena?"

Mzee wa Reli alinyoosha kidole juu. Ilikuwa imekaribia saa tano na nusu. Mlio wa mbali ukaja, mstari mweupe ukaanza kujichora kaskazini, kutoka upande wa Tabora kuelekea ziwani. Bwana Afya akatazama juu, akatazama majani, akamtazama mzee. Kisha akairudisha kalamu mfukoni, akasema atapita tena kesho. Hakuondoka upesi lakini. Tulisimama watatu, vichwa juu, mpaka mstari ukafika mwisho wa macho yetu. Mzee wa Reli alinyoosha mkono akapunga mara moja, kisha akajifanya anamfukuza nzi.

Safari hii hatukutoa hesabu kwa ratiba. Tulikaa tu. Duka sikufungua. Saa saba ikapita, saa nane ikafika, na ndani ya kifua changu nikaelewa mambo yote aliyokuwa akiyafanya yule mama miaka yote hiyo, maana nilikuwa naogopa kweli, na hakukuwa na kitu kingine cha kumfanyia zaidi ya kuyaacha yale majani yalale.

Simu iliita kwa namba ya mkwe. Nikaipokea kabla haijamaliza mlio wa kwanza.

"Umefagia?" Hakunisalimia hata.

"Shikamoo, Mjumbe."

"Nakuuliza, umefagia?"

Nikatazama uwanja. Nikamtazama Mzee wa Reli, amesimama na kiti chake mkononi.

"Bado," nikasema. "Tangu ulipoondoka. Mzee yupo hapa hapa, hakuna aliyegusa."

Nyuma yake nilisikia mtoto akipiga kelele za furaha, na mtu akicheka kicheko cha mkwe.

"Mchafu wewe," akasema Mjumbe, na nikamsikia analia.

Nikaenda kuchukua ufagio.